Ospreay Alitoka Essex Akafika Tokyo. Mwanamieleka wa Kakuma Hafiki Hata Lodwar Bila Pasi

Ukiwa Lodwar na hakuna mechi ya EPL, mwenye kibanda cha mpira hafungi. Anaweka resling. Benchi ni zile zile, na kelele ni mara mbili. Hapo utaskia kila kitu: mmoja anaapa Undertaker alikufa kitambo na huyu wa TV ni mwingine, mwingine anasema ile yote ni drama, wanapanga nani atashinda hata kabla waingie ulingoni. Halafu lazima kuna msee atauliza swali lenye huwa linanyamazisha watu: hawa majamaa wa Sudan Kusini wako hapo Kakuma, na huo urefu na hizo mikono, mbona hakuna hata mmoja amefika kwa hii TV?

Kwa muda nilidhani jibu ni gym. Kakuma hakuna gym ya maana, hakuna ulingo, stori imeisha. Lakini ukifuata safari ya Mwingereza mmoja anaitwa Will Ospreay, hatua kwa hatua, unaona gym ni kitu kidogo sana kwa hii hesabu.

Kama humjui, ni sawa, ju huyu hakupitia WWE. Ospreay ni kijana wa Essex, pale kando ya London, amezaliwa Mei 1993. Si jitu. Ukimweka kando ya wale mabigi wa resling anaonekana kama mtu ameleta maji. Akiwa mtoto aliona kwa TV mechi moja ya TNA ya 2005, AJ Styles, Samoa Joe na Christopher Daniels, watatu kwa ulingo mmoja, na hapo akili ikatekwa. Akaenda kufunzwa kwa shule ya resling ya mtindo wa Mexico, iko Bethnal Green, mashariki mwa London, chini ya daraja la reli. Treni inapita juu, wewe uko chini unafunzwa kuanguka bila kuvunja shingo. 2012 akaanza kupigana mbele ya watu.

Hapo ndio inafaa tuende polepole, ju watu hupenda kuruka hii sehemu wafike kwa mikanda.

London wakati huo ilikuwa na vikampuni vidogo vya resling ambavyo vilikuwa vinajaza kumbi. Progress walikuwa Electric Ballroom kule Camden, mahali pa muziki kabisa. RevPro walikuwa York Hall, ukumbi wa zamani wa ndondi. Si viwanja, ni mahali pa mamia ya watu, bia mkononi, wanaimba matusi kwa adabu. 2015 Ospreay akachukua mkanda wa Progress kutoka kwa Jimmy Havoc. Mwaka huo huo RevPro ikawa inaleta mastaa wa New Japan London, na Ospreay akawekwa ulingoni na AJ Styles mwenyewe, yule yule aliyemwona kwa TV akiwa mtoto. Alipoteza. Haikuwa shida, ju watu wa New Japan walikuwa wanaangalia.

2016 yuko Tokyo. Mei 27 mwaka huo akapigana na Mmarekani Ricochet ndani ya Korakuen Hall, na hiyo mechi ikagawanya dunia ya resling mara mbili. Walikuwa wanaruka na kupinduka pamoja kama wamefanya mazoezi ya sarakasi mwaka mzima. Nusu ya watu walisema ni kitu kizuri zaidi wamewahi kuona. Nusu ingine walisema ni densi. Vader, lile jitu la zamani lililotesa watu miaka ya 90, akatoka hadharani kuwachamba. Na unajua London walifanya nini? RevPro wakageuza hayo matusi kuwa tiketi. Agosti 2016 Vader akapanda ndege, akaingia York Hall, akapigana na Ospreay, akamshinda. Mtu anakutusi, promota anawauzia watu nafasi ya kuona mkiyamaliza. Hiyo ndio biashara.

Siku chache baada ya ile mechi ya Ricochet, Ospreay akashinda Best of the Super Juniors, mashindano ya New Japan ya wapiganaji wepesi. Mwingereza wa kwanza kushinda, akiwa na miaka 23. Kisha akaongeza mwili, akapanda uzito, na Aprili 2021 akamshinda Kota Ibushi na kuchukua mkanda mkubwa kabisa wa New Japan. Alikaa nao wiki chache tu. Shingo ikakataa, Mei akauachilia, akarudi nyumbani Uingereza kujitibu. Agosti mwaka huo akatokea Los Angeles amebeba mkanda wake mwenyewe wa kujitengenezea, anasema yeye ndiye bingwa wa ukweli. Madharau ya hali ya juu. Mimi nilicheka.

Zingine tupite haraka. Januari 2023 Tokyo Dome na Kenny Omega, akapoteza. Juni mwaka huo huo Toronto, akamrudishia. Agosti 2023 Wembley, mbele ya zaidi ya watu elfu 70, akampiga Chris Jericho. Novemba akasaini na AEW ya Marekani, na moja ya sababu alizosema ni kwamba wangemruhusu aendelee kuishi Uingereza na familia yake. Kumbuka hiyo, tutairudia. Agosti 2024 Wembley tena, akamnyang'anya MJF mkanda wa kimataifa. Agosti 2025 shingo ikamshika tena, baada ya shoo ya London akaenda kufanyiwa upasuaji.

Sasa toa mbwembwe zote uangalie kilichobaki. London, Tokyo, Los Angeles, Toronto, London. Kila hatua ni mpaka. Kila mpaka una dirisha na mtu wa mihuri. Na hata Mwingereza haingii Marekani au Japan kufanya kazi ya resling bila viza ya kazi, usidhani anapita tu. Lakini yeye anaanza na paspoti inayofungua nchi zaidi ya 180 bila kuuliza, na kampuni inayomtaka inamfanyia hayo makaratasi mengine. Hiyo ya kuishi Essex na kufanya kazi Marekani maana yake ni kwamba huyu jamaa anavuka bahari kwenda job venye wewe unapanda mat kwenda Kitale.

Basi tuje huku kwetu.

Nadapal ndio mwisho wa Kenya. Unatoka Lodwar, unapita Kakuma, unapita Lokichoggio, unaenda mbele kidogo, na hapo unakutana na Sudan Kusini. Kwa watu wa Nairobi Nadapal ni jina kwa barabara ya Benki ya Dunia, ile ya kutoka Eldoret. Kwa watu waliokimbia vita ni mahali pa kwanza mtu anakuandika jina. Unapokelewa pale, unasajiliwa, unapandishwa basi hadi Kakuma. Kambi ilianza 1992, na wengi wa wale wavulana wa kwanza, wale dunia iliita Lost Boys, walikuwa Wadinka, wengi wao kutoka upande wa Bor.

Na Bor, wasee, ni nchi ya mieleka. Huko si drama. Wanamieleka wanajipaka majivu ya kinyesi cha ng'ombe, wanazungukana wameinama, mmoja anatafuta mguu wa mwenzake, na mara moja jamaa yuko chini. Mechi inaweza kuisha kabla hujafungua soda. Akina mama wanaimba, ngoma zinalia, bingwa anabebwa juu juu na anaweza kurudi nyumbani na ng'ombe. Kule Juba, Wamundari na Wadinka wa Bor wamejaza uwanja wakipigana hivyo, makabila ambayo kwa vichaka yamewahi kuuana kwa ajili ya mifugo. Mashabiki wako, wapiganaji wako, ushindani wa kweli uko. Kwa hiyo mtu akikuambia Sudan Kusini haina vipaji vya mieleka, mwambie anyamaze.

Tena hiki kitu kimewahi kuvutia mtu wa mbali. Upande wa Sudan ile ingine, ya kaskazini, Wanuba nao wana mieleka yao ya miaka na miaka, na pale Haj Yousif, Khartoum, watu walikuwa wanajaa kuiona. 2013 mwanadiplomasia wa ubalozi wa Japan, anaitwa Yasuhiro Murotatsu, alivua tai akaingia kwenye mchanga kupigana nao. Aliangushwa. Akarudi tena, akaangushwa tena. Watu wa Khartoum wakampenda kabisa, wakamwita Muro. Yaani Mjapani alipanda ndege akaja kutafuta mieleka Afrika, hakuna mtu alimuuliza maswali mengi. Sasa jaribu kugeuza hiyo safari. Mnuba aende Tokyo kupigana na Wajapani. Uko na picha? Na tangu vita ya Aprili 2023 ianze Khartoum, wengi wa hao watu wako kwa mistari ya wakimbizi, Kakuma ikiwemo.

Kijana wa miaka 19 anaishi Kakuma, ni moto, anaangusha kila mtu. Promota wa Nairobi anamtaka Jumamosi. Kwanza, mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, anahitaji pasi ya kusafiri. Hata Lodwar, kilomita kama 120 tu, bila hiyo karatasi anaweza kushukishwa kwa kizuizi cha polisi. Tuseme ameipata, ameenda Nairobi, amepiga watu, na sasa mtu wa London anamtaka. Hapo anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, halafu viza, na ile viza inaulizwa na mtu anayetaka kuona akaunti ya benki, kazi, na uhakika kwamba utarudi. Utarudi wapi? Kambini? Hilo swali peke yake linaua safari. Ospreay akiwa na huo umri alikuwa tayari anapigana London.

Kuna watu wamepenya, na ukiwaangalia vizuri unaona wote walipenya kwa njia moja. 2015 Tegla Loroupe na watu wake walifanya majaribio ya mbio Kakuma. Kwa ile timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, Rio 2016, ya watu kumi, watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma na kufanyia mazoezi Ngong. Rose Nathike Lokonyen akabeba bendera. Yiech Pur Biel, mmoja wao, 2022 akawa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hawakuwa na mbio kushinda Wakenya, tuseme ukweli. Walikuwa na mtu mzito aliyewashughulikia karatasi.

Awer Mabil alizaliwa Kakuma, akaanza kupiga mpira pale bila viatu. 2006 familia ikapelekwa Australia. Juni 2022 Qatar, Australia dhidi ya Peru, matuta, nafasi ya Kombe la Dunia iko mezani, na Mabil akafunga yake. Alisema baadaye ilikuwa njia ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia yake. Mguu ulikuwa wa Kakuma. Paspoti ilikuwa ya Australia.

Lakini stori inayoniuma zaidi ni ya Dominic Lobalu. Mzaliwa wa Sudan Kusini, akalelewa Nairobi kwa makao ya watoto, akaingia kwa timu ya wakimbizi. 2019 akaenda Geneva kukimbia, akashinda, na hakurudi. Akabaki Uswisi kuomba hifadhi. Juni 2024 akashinda dhahabu ya mita 10,000 ya Ulaya kule Roma, amevaa jezi ya Uswisi. Miezi miwili baadaye, Olimpiki ya Paris, Uswisi haikuweza kumpeleka ju bado hakuwa raia, kwa hivyo akarudi kukimbia kama mkimbizi. Akamaliza wa nne mita 5,000, akakosa shaba kwa sehemu 14 kati ya mia za sekunde. Mwili ni ule ule, mapafu ni yale yale, na ndani ya kiangazi kimoja alikuwa Mswisi kwa uwanja mmoja na mtu asiye na nchi kwa uwanja mwingine.

Sasa kuna upande wa promota, ambao watu hawaongelei. Ospreay alikuwa na Progress, alikuwa na RevPro, watu wa kukodi ukumbi, kuuza tiketi na kulipa. Mieleka ya Sudan Kusini iliwahi kupata mtu kama huyo, na huwezi amini alipitia wapi. Peter Biar Ajak, mmoja wa wale wavulana wa Kakuma. 2001 Marekani ikamchukua, akasoma Philadelphia, akaenda Harvard, akaenda Cambridge, akarudi Juba na kuanzisha South Sudan Wrestling Entertainment ili makabila yapigane kwa kanuni na si kwa bunduki. Hiyo ni plani ya mtu ameona dunia. Lakini Ajak pia alikuwa mkosoaji wa serikali. Julai 2018 akakamatwa uwanja wa ndege wa Juba, akafungwa, akasamehewa Januari 2020, akapita Kenya akarudi Marekani. Machi 2024 Marekani yenyewe ikamkamata Arizona na kumshtaki kwa njama ya kupeleka silaha Sudan Kusini kinyume cha sheria. Kesi ni ya mahakama, si yangu. Ninachosema ni kwamba mieleka ilipata promota mmoja mwenye viatu vya kutembea dunia, na siasa ikammeza.

Ukitaka kuona promota ni nini, angalia Uganda. Mukono, 2023, jamaa anaitwa Daniel Bumba, wengi wanamjua kama Bumbash, akaanzisha Soft Ground Wrestling. Ulingo ni matope. Vijana wanarushana kwenye matope, mtu anashika simu, video inaenda TikTok, na dunia nzima ya resling ikageuza macho. Hakungoja ulingo wa mamilioni wala wizara. Mimi naona hii ndio njia iliyo karibu zaidi na Kakuma, kuliko hata Rio, ju simu ziko na mchanga uko. Video inavuka mpaka bila viza. Mwenye mwili ndiye anabaki, na hapo ndio shida inarudi pale pale.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua dirisha dogo. Mkimbizi ana haki ya kufanya kazi, na anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuamua kuachana na hadhi ya ukimbizi na kuishi hapa kama raia wa jumuiya. Sudan Kusini iko ndani ya jumuiya tangu 2016. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe miji ya kawaida ambapo wakimbizi na wenyeji wanaishi pamoja. Kwa karatasi ni tamu. Lakini ukiacha ukimbizi unaacha pia ulinzi wake, na lazima uwe na paspoti ya nchi uliyoikimbia. Si uamuzi wa mtu wa miaka 19 kufanya kwa sababu ya mechi moja.

Na kabla hatujafika kwa paspoti kuna tumbo. 2025 mgao wa chakula Kakuma ulikatwa hadi watu wakaandamana. Mwanamieleka anakula. Mtu wa Bor alikuwa anajengwa na maziwa ya ng'ombe wa babake, na hao ng'ombe hawakuvuka Nadapal.

Sisemi tuokote kila kitu cha Uingereza. 2020 resling yao ilipasuka, wanawake wengi wakatoka kusema vile walinyanyaswa na wapiganaji na walimu wao, na makampuni kadhaa yakayumba. Mahali mtu mmoja anashika ulingo, pesa na njia ya kwenda majuu, hayo hutokea. Fikiria hiyo nguvu ndani ya kambi, mbele ya msichana ambaye hana pa kwenda. Yeyote atakayeanzisha kitu Kakuma ajue hilo kabla hajanunua kamba za ulingo.

Ila kuanzisha kunawezekana, na si pesa nyingi. Jumamosi moja, uwanja wa mchanga, Wadinka, Wanuba, Waturkana, na mtu mmoja mwenye simu nzuri. Pesa ya maana itumike kwa wakili. Achaguliwe kijana mmoja na msichana mmoja, karatasi zao zianze kusukumwa siku hiyo hiyo, kabla video haijapata hata like ya kwanza. Ju zile fomu zinachukua muda mrefu kuliko kujifunza kuanguka, na shingo ya mwanamieleka, Ospreay atakuambia, haingoji.